Chura Mmoja, Makoti Mengi

Mvua za masika zikikolea, dimbwi la bustani lenye matete katika mitaa kama Woodley, kando ya Ngong Road jijini Nairobi, linaweza kumpa mwenyewe kitendawili. Chura mmoja ni wa kahawia, mgongoni ana mistari hafifu. Jirani yake kwenye jani lilelile ana madoadoa na mapaja mekundu. Wa tatu, aliyejibanza juani mchana kutwa, amepauka karibu kuwa mweupe. Wengi huamini wamepata aina tatu, au kwamba huyo mweupe ni zeruzeru. Kumbe wote wanaweza kuwa Hyperolius glandicolor, chura wa matete wa sentimita tatu hivi.

Rangi hizo ziliwababaisha wataalamu wenyewe kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1841 Wafaransa Duméril na Bibron walimpa chura wa kundi hili, kutoka Uhabeshi, jina la viridiflavus. Mwaka 1878 Wilhelm Peters wa Berlin akamtangaza glandicolor, kwa vielelezo ambavyo Johann Maria Hildebrandt alivitoa Taita. Kisha majina yakafurika. Mwaka 1931 Ernst Ahl, naye wa Berlin, aliwabatiza vyura wa jenasi hii makumi ya majina mapya, akitegemea vielelezo vya makumbusho. Shida ni kwamba spiriti hula rangi. Wekundu wa mapaja hutoweka, na anayebaki chupani hafanani na yule wa kwenye tete.

Arthur Loveridge alikuwa na bahati ya kuwajua wakiwa hai. Alifika Nairobi mwaka 1914 kusimamia makumbusho machanga ya mji, na baadaye, akiwa Harvard, akayafuta baadhi ya majina ya Ahl.

Mdenmaki Arne Schiøtz ndiye aliyekikaribia kiini cha fumbo. Alionyesha kwamba vyura hawa huvaa sare mbili maishani. Wadogo wote huanza na ile ya kahawia. Majike wakipevuka huibadilisha na kuvaa rangi kali. Madume wengine hubadilika pia, wengine huzeeka na kuimba wakiwa na sare ya utotoni. Mwaka 1999 majaribio juu ya Hyperolius argus, ndugu yao wa pwani, yalithibitisha kwamba homoni ya kike estradioli huweza kuamsha rangi ya jike. Weupe wa juani una chanzo kingine: fuwele ndogo katika seli za ngozi, zinazorudisha mwanga na kumkinga chura na joto.

Mwaka 2000 Anja Wieczorek, Robert Drewes na Alan Channing walitumia DNA kulipanga upya kundi la viridiflavus. Lilikuwa spishi kadhaa, na yule wa Taita akarudishiwa jina lake la glandicolor.

Fumbo limefumbuliwa wakati makazi ya chura huyu yakipungua. Bwawa la Nairobi, upande wa pili wa Kibera, limekuwa likifunikwa na gugu maji, na nyumba za zamani za Woodley zenye bustani pana ziliwekwa katika mpango wa kupisha maghorofa. Chura huyu haombi mengi: maji yaliyotulia, mimea ya kushikizia mayai, na pasiwe na samaki wa kuwamaliza viluwiluwi. Ua la ghorofa lina nafasi ya kutosha kwa hayo, iwapo wachoraji wa ramani watayakumbuka kabla saruji haijamwagwa.