Aprili 2005: Linux Ilipohama BitKeeper

Kila panapofundishwa Git hurudiwa simulizi moja: Linus Torvalds, muasisi wa Linux, alikosa mfumo wa kutunza matoleo uliomfaa, akajifungia siku kumi, akatoka na wa kwake. Tarehe hazina ubishi. Kazi ilianza 3 Aprili 2005; kufikia tarehe 7 Git ilikuwa ikitunza msimbo wake yenyewe; na 17 Juni likatoka toleo 2.6.12 la kiini cha Linux, likisimamiwa kwa Git. Ninachokataa ni mwanzo wa simulizi hiyo, kwa kuwa unamfuta mtu ambaye bila yeye kuhama kusingetokea mwaka ule.

Ipo hati ambayo wasimulizi huipita. Ni ingizo la kwanza kabisa katika hazina ya Linux, la 16 Aprili 2005, ambalo alama yake huanza na 1da177e4. Katika maelezo yake mafupi Torvalds anasema hakuweka historia yote ingawa anayo: ingefika kama gigabaiti 3.2, na chombo kichanga kile kilikuwa bado hakina nyenzo za kubeba mzigo huo. Matokeo yake yapo hadi leo. Chukua mstari wa msimbo ulioandikwa mwaka 2003 na haujaguswa tena, uiulize Git ni wa nani; itakujibu kuwa ni wa Torvalds, 16 Aprili 2005. Jibu hilo si kweli, na mwandishi halisi hatajwi.

Miaka ya nyuma inajulikana. Tangu 1991 viraka vilitumwa kwa barua pepe, na kufikia 1998 wachangiaji walilalamika wazi kwamba viraka vyao vinapotea kwa sababu mtu mmoja hawezi kuvipitia vyote. Februari 2002 Torvalds akaanza kutumia BitKeeper, programu ya kampuni ya BitMover yake Larry McVoy. Kila mwanaprogramu alipata nakala kamili ya hazina na kuunganisha kazi yake na ya wenzake, na kazi ikaenda kasi kweli. Hilo nalikubali bila shida.

Lakini msimbo wa BitKeeper ulikuwa umefungwa. Wenye miradi huria waliruhusiwa kuitumia bure, kwa sharti kwamba asiitumie anayetengeneza mfumo wa kushindana nayo. Richard Stallman, mtetezi wa programu huria, alipinga tangu mwanzo, na baadhi ya wachangiaji wa Linux walikataa katakata kuigusa. Waliambiwa wanaleta siasa kwenye ufundi. Mimi naona walisoma leseni vizuri kuliko waliowabeza. BitMover ilifungua mlango wa kupata mabadiliko kwa njia ya CVS, mfumo mkongwe wa kutunza matoleo, ila CVS ilinyoosha historia ikawa mstari mmoja. Matawi na maungano yake yote yalibaki ndani ya programu ya mtu binafsi.

Hapo ndipo alipoingia Andrew Tridgell wa Australia, muasisi wa programu za Samba na rsync. Hakuwa mtumiaji wa BitKeeper, kwa hiyo leseni yake haikumfunga. Alianza kuandika programu huria ya kuchota historia ile kutoka kwenye seva ya BitKeeper. McVoy akaona hujuma, Torvalds akajaribu kuwasuluhisha akashindwa, na mwanzoni mwa Aprili BitMover ikatangaza kuondoa toleo la bure. Torvalds alimlaumu Tridgell hadharani. Mwezi huohuo, katika mkutano wa wana-Linux mjini Canberra, Tridgell akaonyesha alichofanya: aliingia kwenye seva kwa telnet, chombo kilichomo katika kompyuta nyingi, akaandika neno la kuomba msaada, na seva ikamworodheshea amri zake zote. Mbele ya orodha hiyo siwezi kukubali shutuma ya hujuma. Aliuliza, akajibiwa.

Hata wazo la msingi la Git, yaani kukitambua kila kitu kwa alama ya SHA-1 inayotokana na maudhui yake, lilikuwepo tayari ndani ya Monotone, mradi wa Graydon Hoare ambao Torvalds mwenyewe aliwashauri wenzake wautazame. Miaka mitatu ya BitKeeper nayo ilikuwa imemfundisha anachotaka. Zile siku kumi zilikuwa za kuandika. Kujifunza kulikuwa kumekwisha.

BitKeeper ilikuja kufunguliwa msimbo wake Mei 2016, Git ikiwa imeshaenea duniani kote.

Historia ya miaka ile mitatu haikupotea. Mwanaprogramu wa Linux Thomas Gleixner aliigeuza kutoka BitKeeper kuwa hazina ya Git, nayo iko wazi kwa yeyote. Git yenyewe ina amri ya kuiunga nyuma ya ingizo la 16 Aprili. Nawaomba walimu wa Git waiunge kabla ya kumwonyesha mwanafunzi mwandishi wa mstari wowote, ili majina ya waliofanya kazi kati ya 2002 na 2005 yasomeke.