Watani wa filamu mbovu

Mwaka 2006, mjini San Diego, Marekani, mchekeshaji Michael J. Nelson alianza kuuza mtandaoni bidhaa ambayo ukiisikia mara ya kwanza unaweza kudhani ni utapeli: sauti za watu wanaotazama filamu, bila filamu yenyewe. Mteja alilipa dola chache, akapakua faili la sauti, kisha akajitafutia DVD ya filamu husika na kuviwasha vyote viwili kwa pamoja. Filamu ikianza, Nelson naye anaanza. Anamzomea steringi, anamjibu adui, anahoji mbona mtu aliyepigwa risasi tatu bado anatoa hotuba.

Filamu ya kwanza kufanyiwa hivyo ilikuwa Road House ya mwaka 1989, ambayo Patrick Swayze anaigiza baunsa wa baa mwenye shahada ya falsafa. Huduma yenyewe iliitwa RiffTrax na mpaka leo inaendelea. Nyuma yake kuna historia ndefu ya kikundi kidogo cha wachekeshaji waliotumia kila mbinu halali kupata kiti pembeni ya picha ya mtu mwingine ili waifanyie utani.

Bohari la chaneli 23

Miaka ya 1930, kumbi nyingi za sinema Marekani zilianza kuonyesha filamu mbili kwa tiketi moja. Ya kwanza ilikuwa na nyota na pesa. Ya pili ilipigwa haraka haraka, kwa bei ndogo, ili kujaza muda, na hiyo ndiyo ikaitwa filamu ya daraja B. Televisheni ilipoingia majumbani, vituo vilinunua filamu za aina hiyo kwa mafungu na kuzirusha usiku au mwisho wa wiki, wakati ambao hakuna mtangazaji wa biashara aliyeutaka. Mazimwi ya mpira, sayari za maboksi na wanasayansi wenye vicheko vya kichawi vikapata maisha ya pili.

Kituo kimojawapo cha namna hiyo kilikuwa KTMA, chaneli 23, katika eneo la Minneapolis, jimbo la Minnesota. Jim Mallon alikuwa meneja wa uzalishaji hapo. Alimjua Joel Hodgson, mchekeshaji aliyewahi kupanda majukwaa makubwa ya televisheni ya taifa, kisha akaiacha Hollywood na kurudi nyumbani, akawa anaunda na kuuza roboti za mapambo kutokana na vitu vilivyotupwa. Mallon alikuwa na studio na bohari la filamu ambazo kituo kilishapata haki ya kuzionyesha. Hodgson alikuwa na roboti na wazo.

Tarehe 24 Novemba 1988, siku ya sikukuu ya Shukrani, kipindi chao kilianza kurushwa. Kiliitwa Mystery Science Theater 3000. Kisa chake ni chepesi: fundi mmoja amerushwa angani na wanasayansi waovu na kufungiwa ndani ya chombo. Analazimishwa kutazama filamu mbovu ili ijulikane ni ipi itakayomtia wazimu. Ili asiwe mpweke, amejiundia roboti wa kumsindikiza, na wote wanatazama pamoja huku wakiitania picha.

Ujanja wa kipindi ulikuwa mahali walipokaa. Filamu ilionyeshwa nzima, na chini ya kioo, upande wa kulia, vilionekana vivuli vitatu vyeusi juu ya safu ya viti: mtu katikati na roboti wawili, Crow na Tom Servo. Mdomo wa Crow ulitengenezwa kwa pini ya plastiki ya mchezo wa bowling iliyopasuliwa katikati. Kichwa cha Servo kilikuwa chombo cha kutolea peremende. Wazo la vivuli Hodgson alilitoa katika mchoro mmoja ndani ya kasha la albamu ya Elton John ya mwaka 1973. Aliyekaa nyumbani alijiona amekaa safu ya nyuma yao, ukumbi mmoja, adhabu moja.

Mwanzoni hawakuandika chochote. Walikaa, filamu ikawashwa, wakasema lolote lililowajia. Walitoa namba ya simu yenye mashine ya kurekodi ujumbe, na baadhi ya jumbe za watazamaji, za sifa na za matusi, zikasikilizishwa hewani. KTMA ilidumaa kifedha, lakini ndani ya mwaka mmoja kipindi kilichukuliwa na chaneli mpya ya vichekesho ya kebo, ambayo baadaye iliungana na mshindani wake na kuwa Comedy Central.

Hapo kazi ikawa kazi. Walihamia kwenye ofisi ndogo huko Eden Prairie, nje ya Minneapolis, wakaajiri waandishi, Nelson akawa kiongozi wao. Waliitazama filamu kipande kwa kipande, wakisimamisha, wakirudisha nyuma, kila mmoja akitupa utani wake, mwandishi mmoja akiandika. Kila kipindi cha saa mbili, matangazo yakiwamo, kilihitaji mamia ya vichekesho, tena kila kimoja kiingie kwenye mwanya kati ya sentensi mbili za waigizaji. Ukichelewa nusu sekunde, umemfunika muigizaji. Ukiwahi, mtazamaji hajaona bado unachokicheka.

Picha ya muuza mbolea

Mwaka 1966, Harold P. Warren, muuza mbolea wa El Paso, Texas, aliwekeana dau na Stirling Silliphant, mwandishi wa Hollywood ambaye muda si mrefu baadaye alipata tuzo ya Oscar, kwamba mtu yeyote anaweza kutengeneza filamu ya kutisha. Akachangisha takriban dola 19,000, akakusanya waigizaji wa jukwaani wa mjini kwake, akachukua kamera ya kuvuta kwa mkono isiyoweza kurekodi zaidi ya sekunde 32 kwa mkupuo. Matokeo yake ni Manos: The Hands of Fate.

Ukiitazama utaona kila kovu. Familia inaendesha gari kwa dakika nyingi bila jambo lolote kutokea, kwa kuwa majina ya waigizaji yaliyopaswa kupita juu ya picha hayakuwahi kuwekwa. Kile kibao cha kugongwa kabla ya kurekodi kinaonekana kwa mkato. Matukio ya usiku yamejaa nondo wanaopapatika mbele ya taa. Sauti zote ziliingizwa baadaye na watu wachache tu, hivyo mtoto anaongea kwa sauti ya mtu mzima anayejibana koo. Mtumishi wa nyumba ya mizimu, Torgo, anayumbayumba na magoti yaliyovimba bila maelezo yoyote. Ilipozinduliwa El Paso watu waliicheka, ikazunguka kidogo, ikasahaulika.

Januari 1993 Hodgson na roboti wake waliionyesha. Ndani ya kipindi, hata wanasayansi waovu wanaomtesa wanafika mahali pa kuomba radhi kwa kumletea picha ya namna hiyo. Tangu hapo Manos ikawa miongoni mwa filamu mbovu zinazojulikana zaidi duniani, na umaarufu huo ukailetea faida ambayo Warren hakuiona: mwaka 2011 nakala ya awali ya milimita 16 ilipatikana, mashabiki wakachangia pesa mtandaoni, ikasafishwa na kutolewa upya mwaka 2015. Waliochanga ni wale wale waliokuwa wakiicheka. Anayejua watani wanavyofanya msibani hatashangaa: anayemkejeli marehemu kwa sauti kubwa kuliko wote ndiye huyo huyo aliyefika mapema na jembe.

Ndiyo maana kejeli ya Hodgson na wenzake haikuwa na uchungu. Mhakiki wa gazeti angeweza kuikatia tamaa Manos dakika ya kumi, akaandika aya mbili za dharau na kuondoka. Hawa walilazimika kukaa hadi mwisho, tena mara nyingi, wakiichunguza kuliko hata aliyeitengeneza.

Kanda za kuazimana

Kebo haikufika kila mahali, na mashabiki walirekodi vipindi kwenye kanda za VHS na kutumiana kwa posta. Watayarishaji hawakukasirika. Katika orodha ya majina mwishoni mwa kipindi waliweka maneno ya kuwahimiza watazamaji waendelee kuzungusha kanda. Mwaka 1993 kipindi kilipata tuzo ya Peabody, moja ya heshima kubwa za utangazaji Marekani. Mwaka huo huo Hodgson aliondoka, nafasi yake akaichukua Nelson, na mashabiki wakagawanyika kama wa Simba na Yanga juu ya nani zaidi. Mwaka 1996 walitoa filamu yao ya sinema, wakiitania This Island Earth ya 1955. Wakati wa kuhariri ilikatwa mno hata ikawa fupi kuliko filamu iliyokuwa ikitaniwa. Comedy Central ikawaacha, Sci-Fi Channel ikawachukua mwaka 1997, na Agosti 1999 kipindi kikafungwa.

Kilichobaki kilikuwa na fundo la kisheria. Haki ya kuonyesha filamu kwa kawaida ilinunuliwa kwa muda. Muda ukiisha, kipindi kizima kilichojengwa juu ya filamu hiyo hakiwezi kurudiwa wala kuuzwa bila ruhusa mpya. Sanduku la 10 la DVD zao, lililokuwa na Godzilla vs. Megalon, liliondolewa sokoni kwa sababu ya haki, likarudi baadaye na filamu nyingine mahali pa zimwi hilo la Kijapani.

Sauti peke yake

RiffTrax ilikuwa jibu la fundo hilo. Sauti ya Nelson ni mali ya Nelson. Picha haiguswi, hainakiliwi wala haiuzwi, na mwenye filamu hana pa kushika. Tatizo pekee lilikuwa kuoanisha viwili hivyo. Kwa hiyo wakabuni sauti ya roboti ambayo kila baada ya muda hutamka maneno ya muigizaji sambamba naye. Zikipishana, unasimamisha iliyotangulia mpaka zikutane.

Nelson aliwaita wenzake wa zamani, Kevin Murphy na Bill Corbett, waliokuwa sauti za Servo na Crow. Na hapo mambo yakapinduka. Kwa kuwa ruhusa haikuhitajika tena, hawakufungwa na filamu za bei chee. Waliweza kuitania The Matrix, Star Wars, The Lord of the Rings na Twilight, filamu za mamilioni ambazo hakuna kituo kidogo kingethubutu kuziomba. Ikadhihirika kwamba bajeti kubwa haimkingi mtu na mazungumzo mabovu. Sambamba na hizo waliendelea na filamu za zamani, zikiwamo zisizo na hakimiliki kama Night of the Living Dead ya 1968, ambayo ilipobadilishwa jina kabla ya kutoka, tamko la hakimiliki lilisahaulika, ikawa mali ya umma. Hizo ziliuzwa picha na sauti pamoja. Mwaka 2009 walianza pia maonyesho ya moja kwa moja, wakisimama jukwaani na kurushwa katika kumbi za sinema nchi nzima.

Mashabiki nao wakawa wafadhili. Mwaka 2013 RiffTrax iliomba dola 55,000 ili kujaribu kununua haki ya kuionyesha Twilight jukwaani. Zilikuja zaidi ya dola 264,000. Wenye filamu walikataa hata hivyo, ikabidi waonyeshe Starship Troopers. Mwaka 2015 Hodgson naye alitangaza kukifufua kipindi chake cha asili, na watu 48,270 wakachanga zaidi ya dola milioni 5.7. Vipindi 14 vipya vilitoka Netflix Aprili 2017. Netflix ilipojitoa, mashabiki walichanga tena mwaka 2021, zaidi ya dola milioni 6.5, safari hii kwa ajili ya ukumbi wao wenyewe wa mtandaoni usiotegemea chaneli ya mtu.

Kutoka kibanda umiza hadi Wakaliga

Msomaji wa Afrika Mashariki atakuwa ameshawakumbuka wa kwetu. Lufufu katika Tanzania na DJ Afro katika Kenya walijenga majina kwa kuweka sauti zao juu ya filamu za Hong Kong, India na Hollywood, zikitazamwa kwenye vibanda umiza na vyumba vya video. Hawakuiga Minneapolis, na kazi yao ni nyingine. Wao wanamfikishia mtazamaji hadithi ambayo lugha ingemnyima, wanaongeza chumvi, wanampa steringi jina la mtaani. Nelson anazungumza na mtu anayeelewa kila neno na bado anahitaji msaada wa kuvumilia.

Uganda ndiko njia hizi mbili zilikokaribiana. Huko Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex?, iliyotoka mwaka 2010, kwa bajeti anayosema haikufika dola 200, na kuihariri kwa kompyuta aliyoiunganisha mwenyewe kwa vipuri. VJ Emmie aliiwekea sauti kwa namna ya vibanda vya Uganda: anashangilia mapigano, anawacheka waigizaji, anaitangaza kampuni. Toleo hilo lilipofika YouTube lilipata wapenzi dunia nzima.

Nabwana hakutarajia filamu yake itazamwe mbali na mtaani kwake, na kompyuta ilipojaa aliifuta picha ya awali ili apate nafasi ya kazi inayofuata. Toleo lisilo na VJ halipo tena. Hapa hakuna wakili wa kumwogopa wala muda wa haki utakaokwisha, maana mwenye picha na mwenye utani wako upande mmoja, na nakala iliyosalia ni ile yenye utani ndani yake.