Kitufe kisichotambulikana (Linux)

Ni hitilafu ambayo kiini cha mfumo wa Linux huisajili katika kumbukumbu zake pale kitufe cha kibodi, aghalabu kile cha mwangaza au sauti katika kompyuta ya mkononi, kinapobonyezwa na kupeleka msimbo ambao kiendeshi cha atkbd hakina tafsiri yake. Taarifa hiyo, isomwayo kwa amri ya dmesg, huutaja msimbo wenyewe, mathalani e02b, na kushauri itumike amri ya setkeycodes ili kuupa nambari ya kitufe maalumu. Walakini, kwa kuwa tiba hiyo hutoweka kompyuta izimwapo, yapasa, ikishathibiti kuwa ni sahihi, iandikwe katika faili ndani ya saraka ya /etc/udev/hwdb.d. Hitilafu hii, peke yake, si dalili ya kibodi kuharibika.