Sauti Zilizovuka Daraja la Chania



Katika kijitabu hiki mtasoma mengi juu ya waasisi wetu, sare zetu na safari zetu. Sisi tulioombwa kuandika juu ya kurekodi tumechagua jambo ambalo wengine kati yetu hawakulihesabu kuwa uimbaji: nyimbo zilizotengenezwa nyumbani kwa kishikwambi (tableti, kama tunavyoiita wengi wetu) wakati kanisa limefungwa.

Zamani kurekodi kulimaanisha kwenda Nairobi. Kabla barabara kuu ya Thika haijafunguliwa rasmi mwaka 2012, msongamano wa Githurai na Pangani ulituchosha kabla hatujafungua kinywa. Studio ililipwa kwa saa, kwa hivyo kikohozi cha mtu mmoja kiligharimu mchango wa wote. Kanda ikitoka, tuliiuza nje ya kanisa baada ya ibada. Baadaye zikaja diski za video, na kwaya nyingi za upande wetu zikaenda Fourteen Falls kuyumbayumba mbele ya maporomoko.

Chombo cha kurekodi nyumbani, sauti moja juu ya nyingine, kilikuwapo duniani siku nyingi. Mwaka 1979 kampuni ya TEAC ya Japani ilitoa Portastudio, mashine iliyoigawa kaseti ya kawaida kuwa njia nne. Mwaka 2011 Apple ikaleta programu ya GarageBand kwenye iPad, ikiwa na njia nane. Njia ni kama mstari wa daftari: unaufuta mmoja bila kuigusa mingine. Kwaya ya sauti nne ingetaka nini zaidi? Lakini sisi hatukuwa na haja nayo. Tulikuwa tunaonana kila Jumamosi alasiri.

Haja ilikuja 2020. Tarehe 13 Machi kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa Kenya, na kabla mwezi haujaisha makanisa yalikuwa yamefungwa. Tarehe 6 Aprili serikali ikapiga marufuku kuingia na kutoka eneo la Nairobi na viunga vyake. Upande wetu mpaka uliwekwa kwenye daraja la mto Chania. Ruiru na mji wa Thika zikawa ndani. Wenzetu wa Kabati na kwingine ng'ambo ya mto wakawa nje. Kwaya moja, pande mbili za kizuizi cha polisi.

Dada mmoja wa soprano, mkazi wa Ruiru, alikuwa na tableti ya watoto wake. Alipiga kinanda, akaweka mdundo wa kuhesabu, akatutumia kwa WhatsApp. Kila mmoja alisikiliza kwa sikio moja na kuimba akijirekodi kwa simu, kisha akamrudishia. Tulijifunza haraka kwamba visikizio visivyo na waya huchelewesha sauti kidogo, na kucheleweshwa kidogo kunatosha kuharibu wimbo. Tulijifunza kuimba chini ya blanketi, na kungoja mvua iache mabati. Jogoo hawakungoja mtu.

Kisha usiku, baada ya kafyu, yeye alizipanga sauti zote, njia kwa njia. Alipozima nyingine na kuacha moja tu, tukawasikia watu ambao tumesimama nao miaka mingi bila kuwasikia. Mmoja wa alto, aliyependa kujificha mstari wa nyuma, ndiye mnayemsikia siku hizi akianzisha nyimbo za Kwaresima.

Wazee wa besi hawakupendezwa. Walisema huko ni kushona viraka. Kwaya ni watu wanaovuta pumzi pamoja. Tunakiri walikuwa na hoja. Katika rekodi zile miisho ya maneno hufika vipande vipande, kama abiria wanaoshuka matatu. Hakuna programu iliyotuponya hilo. Hata hivyo waliimba, wengine wakishikiwa simu na wajukuu.

Tarehe 6 Julai ikatangazwa kwamba makanisa yafunguliwe: watu wasiozidi 100, saa moja tu, na asiingie aliye chini ya miaka 13 wala aliyepita 58. Kesho yake marufuku ya usafiri yakaondolewa na daraja likawa wazi. Lakini besi yetu karibu yote ilikuwa imepita 58. Hapo ndipo viraka vilipopata kazi. Tuliporudi madhabahuni tulikuwa wachache, tumeachana nafasi, na besi ilitoka kwenye spika ukutani. Wenyewe walikuwa nyumbani. Waumini kadhaa waligeuka kutazama nyuma, wakidhani wazee wameingia.

Wawili kati ya wazee hao wametangulia mbele ya haki. Sauti zao bado zipo, kila moja kwenye njia yake, na ya mmoja ina jogoo katika ubeti wa pili. Dada wa tableti alitaka kumfuta, familia ikakataa.

Wimbo wa saba katika ratiba ya leo ni mmoja wa zile za 2020. Tutauimba bila rekodi, sauti zote nne zikiwa ukumbini. Familia inayotaka nakala ya sauti ya mpendwa wao imwone katibu baada ya chakula, na ije na flashi.