Merikebu Iliyovunjika Usukani

Wasikilizaji wetu, sote twazijua jahazi zingojazo kaskazi na kusi. Leo twataka kuwasimulia habari za merikebu ya matanga iliyosifiwa sana kwa mbio zake, iitwayo Cutty Sark.

Iliundwa Dumbarton, katika nchi ya Scotland, ikashushwa majini tarehe 22 Novemba 1869. Mwenyewe, John Willis, aliitaka ilete chai kutoka Uchina mpaka London. Chai mpya iliyotangulia kufika ilipata bei njema, ndiyo sababu merikebu zikashindana. Mbavu zake zilikuwa za chuma, ubavuni mbao, na milingoti mitatu. Katika safari ya kwanza ilileta zaidi ya ratili 1,300,000 za chai.

Mwezi wa Juni 1872 ilitweka matanga kutoka Shanghai pamoja na mshindani wake, Thermopylae. Katika Bahari ya Hindi Cutty Sark ilitangulia yapata maili 400. Ndipo tarehe 15 Agosti dhoruba ikauvunja usukani, ukazama. Ndugu yake Willis, aliyekuwamo chomboni, alitaka waingie bandarini. Nahodha Moodie akakataa. Seremala Henry Henderson akachukua boriti za akiba, na mafundi wakawasha moto wa kufulia chuma juu ya sitaha, huku chombo kikiyumba na mawimbi yakiwapiga. Wakaunda usukani mpya, wakautia mahali pake baharini. Baadaye ulipoharibika, wakautengeneza tena.

Thermopylae ilifika London kwanza. Cutty Sark ikafika baada ya juma moja. Ilishindwa, lakini sifa ikawa yake.

Hata hivyo, adui aliyeishinda kweli hakuwa Thermopylae. Siku tano tu kabla haijashushwa majini, Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa. Merikebu za moshi zikapita humo, zikipunguza safari kwa maili elfu kadha. Za matanga zikaendelea kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, maana pepo za Bahari ya Sham haziwafai. Cutty Sark ilibeba chai ya mwisho mwaka 1877, kisha ikapata sifa mpya kwa kuleta sufu ya Australia. Tangu 1954 imewekwa Greenwich, mjini London, watu waitazame.

Twajifunza nini? Chombo kizuri chaweza kuzaliwa wakati wake umekwisha kupita, wala si kosa la waundaji wake. Bali kazi ya mikono ya Henderson haikupitwa na wakati: hata leo, atajwapo mshindi wa mwaka ule, seremala naye hutajwa.