Uji wa mchele kwa mgonjwa wa figo: ushauri huu ulianzia wapi?

Juzi gulioni mama mmoja muuza mchele alinisimamisha. Mume wake ana tatizo la figo, hospitali wamemruhusu uji wa mchele, naye anauchanganya na karanga, soya na dagaa "apate nguvu". Nikaona niwasimulie na ninyi chakula hiki kilikotoka.

Mwaka 1934 daktari Mjerumani wa asili ya Kiyahudi, Walter Kempner, alihamia Marekani akimkimbia Hitler, akafanya kazi Chuo Kikuu cha Duke, mjini Durham. Zama hizo dawa za presha kama tunazomeza leo hazikuwepo. Mwenye presha kali na figo mbovu alikuwa anahesabu siku. Kempner akawaza: figo ndizo zinazotoa taka za protini na chumvi iliyozidi, je, zikipunguziwa mzigo? Kuanzia 1939 akawapa wagonjwa wali mweupe, matunda na sukari, bila chumvi kabisa. Protini ilikuwa kama gramu 20 tu kwa siku.

Mwaka 1942 mwanamke wa miaka 33 aliambiwa ale hivyo wiki mbili. Lafudhi ya daktari ilikuwa nzito, yeye akasikia miezi miwili! Aliporudi, presha ilikuwa imeshuka na moyo uliotanuka umepungua. Tangu hapo Kempner akawaacha wagonjwa waendelee muda mrefu, huku akiwapima mkojo kila mara. Mkojo ulimwonyesha pia nani amekula chumvi kwa siri.

Sasa rudi kwenye sufuria yako. Mchele wenyewe haukuwa dawa. Nafuu ilitokana na vitu alivyoviondoa. Ukitia karanga, soya na dagaa umerudisha protini na fosforasi ileile. Chumvi na magadi navyo viache. Najua huwa nawasifia mchele wenye pumba, na kwa mtu mzima wa afya bado nausifia, lakini fosforasi na potasiamu nyingi zimekaa kwenye pumba. Kwa mgonjwa huyu mweupe ni nafuu. Hata matunda ya Kempner leo hayatolewi hovyo: ndizi na machungwa yana potasiamu nyingi, na ikizidi kwenye damu husimamisha moyo.

Anayesafishwa damu kwa mashine hesabu yake ni nyingine kabisa. Mashine inamwondolea protini, hivyo huhitaji mayai, samaki au nyama kwa kipimo cha daktari. Ukimshindisha na uji mtupu atakonda na kuishiwa nguvu.

Mume wa yule mama hajafika kwenye mashine. Nimemwomba aandike kila kitu anachotia kwenye uji, hata kijiko cha sukari maana sijui kama mzee ana kisukari, aende na karatasi hiyo kliniki Jumanne. Dagaa ameshawatoa. Maziwa bado anabishana nami.