Cherehani ya Urithi: Chombo, Neno na Thamani

Miongoni mwa vyombo vilivyoingia majumbani mwetu kutoka viwanda vya ng'ambo, ni vichache vilivyopokelewa kwa heshima kama cherehani. Redio huharibika ikatupwa, baiskeli huchakaa ikauzwa vipande vipande. Lakini cherehani ya bibi hupita kwa binti, kisha kwa mjukuu, nayo ikaendelea kushona. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi historia ya chombo hicho, kuipima thamani yake kinaporithiwa, na kuonyesha kwamba anayerithi cherehani hurithi pia hazina ya maneno. Jambo hili la mwisho ndilo linalotuhusu zaidi sisi tunaoshughulika na istilahi.

Tuanze na jina lenyewe. Neno cherehani lina nasaba moja na cherehe, yaani gurudumu la kunolea visu, na asili yake ni neno la Kiajemi charkh, lenye maana ya gurudumu. Kutokana na shina hilohilo Wahindi walipata charkha, chombo cha kusokotea pamba. Wasemaji wa Kiswahili, basi, hawakungoja kamati iwaundie jina. Walikitazama chombo kipya, wakaona kwamba kinachokiendesha ni gurudumu, wakakipa jina kutoka katika ukoo wa maneno waliokwisha kuuzoea. Hilo ni somo la kwanza kwa mfasiri: jina jema huanza na kukitazama kitu kikifanya kazi.

Cherehani haikubuniwa na mtu mmoja. Mwaka 1830 Mfaransa Barthélemy Thimonnier alipata hataza ya mashine iliyoshona kwa uzi mmoja. Mashine zake zilipoanza kushona sare za jeshi mjini Paris, mafundi walioogopa kunyang'anywa riziki waliivamia karakana yake mwaka 1831 wakazivunja. Mwaka 1846 Elias Howe wa Marekani alipata hataza ya mashine ya nyuzi mbili. Sindano yake ilikuwa na tundu karibu na ncha; uzi wa sindano ulipopenya kitambaa ulikutana na uzi wa pili, na nyuzi hizo zikafungana katikati ya kitambaa. Mshono wa namna hiyo haufumuki kwa urahisi hata uzi ukikatika mahali pamoja. Mwaka 1851 Isaac Merritt Singer, naye wa Marekani, alipata hataza yake kwa kuyaboresha na kuyaunganisha mambo ambayo wengine walikuwa wameyaanza.

Lakini kilichoiingiza cherehani majumbani hakikuwa ufundi peke yake. Katika miaka ya mwanzo mashine moja iliuzwa zaidi ya dola 100, fedha ambazo familia ya kawaida haikuweza kuzitoa kwa mkupuo. Mwaka 1856 Edward Clark, mshirika wa Singer, alianzisha mpango wa kulipa kidogo kidogo huku mnunuzi akiitumia mashine. Haba na haba hujaza kibaba. Wanawake wengi wakaweza kuwa na chombo cha kazi kwao nyumbani. Mahitaji yaliongezeka hata kampuni hiyo ikajenga kiwanda kikubwa mno huko Clydebank, Scotland, kilichofunguliwa mwaka 1885. Mwaka 1913 kiwanda hicho kilitoa mashine zaidi ya milioni moja. Kilifungwa mwaka 1980, lakini mashine zake zingali zikifanya kazi katika pembe nyingi za dunia.

Wingi huo ndio unaowashangaza warithi. Mtu hupeleka sokoni cherehani nyeusi yenye nakshi za dhahabu, akiamini kwamba ukongwe wake utamtajirisha, akaambiwa bei ndogo. Si kwamba amedharauliwa. Kitu kilichotengenezwa kwa mamilioni, tena kikadumu, hakiwi adimu kwa sababu tu ya umri. Hapa lugha yetu inatusaidia kufikiri. Tunayo bei, tunacho kima, na tunayo thamani. Maneno haya yote matatu yametoka katika Kiarabu: la kwanza katika neno la kuuza, la pili katika neno la kadiri ya ubora wa kitu, na la tatu, kwa asili yake, lilikuwa na maana ya bei tu. Wasemaji wa Kiswahili wameyagawia kazi. Bei hutajwa na mnunuzi, lakini thamani ya kitu huweza kubaki hata kama hakuna mnunuzi. Mfasiri anayeandika bei ya urithi mahali palipotakiwa thamani ya urithi amebadilisha hoja nzima.

Thamani ya cherehani ya urithi ni nini, basi? Kwanza, ni kazi. Mashine ya chuma ya mkono au ya miguu haihitaji umeme. Ikisafishwa, ikatiwa mafuta na kubadilishwa mkanda, yaweza kuendelea. Katika nyumba nyingi imeshona sare za shule, imetia viraka, na imelipa ada. Pili, ni uhuru wa mwenye nayo. Mahatma Gandhi, aliyeonya sana juu ya mashine zinazomfanya mtu kuwa mtumwa, aliitoa cherehani katika lawama hiyo katika mazungumzo yaliyochapishwa mwaka 1924 katika gazeti la Young India. Alieleza kwamba Singer aliibuni kwa kumhurumia mkewe. Kihistoria habari hiyo haina nguvu, kwa kuwa Singer aliifanya kazi hiyo kibiashara. Lakini hoja ya Gandhi, kwamba mashine njema humpunguzia mtu taabu bila kumwondoa kazini, ina uzito. Nasi twaona kwamba charkha aliyoitetea na cherehani aliyoisamehe ni ndugu hata kwa jina.

Tatu, ni maneno. Anayefundishwa kushona nyumbani hujifunza kukunga upindo, kupiga bandi kabla ya mshono wenyewe, kutia bitana, na kudarizi. Anayeshona kanzu hutofautisha badani, kipande kikubwa cha mwilini. Taharizi, vipande vya ubavuni. Kikwapa, kipande cha chini ya kwapa. Na kaba, bitana ya shingoni. Istilahi hizi ni fupi, ni sahihi, na zimekwisha kujaribiwa na mikono. Hata hivyo, tangu nguo za mitumba zilipoenea katika miaka ya 1980, wanaoshona nyumbani wana sababu chache za kuyatamka maneno hayo. Chuma hudumu, bali neno lisilosemwa hupotea pamoja na msemaji wake wa mwisho.

Hasara yake huonekana mezani kwetu. Chukueni mfano wa kile chuma kidogo kinachokibana kitambaa chini ya sindano. Mfasiri akikiita mguu kwa kufuata lugha ya kigeni, msomaji atachanganyikiwa, kwani cherehani ya miguu ni ile inayoendeshwa kwa kukanyaga. Akikiita futi, amegongana na kipimo. Sisi tungependekeza kibana nguo, jina linaloitaja kazi yake; lakini pendekezo hilo lisiidhinishwe kabla ya kuwauliza mafundi wa barazani na akina mama wanaoshona majumbani wao hukiitaje. Wakiwa na jina zuri zaidi, letu na liondoke.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wawatume wanafunzi wao kwa wazee wenye cherehani, waorodheshe jina la kila kipande na la kila aina ya mshono, pamoja na mahali lilipotajwa. Waandike pia namba iliyopigwa katika bamba la mashine, kwa maana kwa mashine nyingi namba hiyo huweza kuonyesha mwaka ilipotengenezwa. Warithi nao, kabla ya kuiuza mashine kwa wanunuzi wa chuma chakavu, wamwombe aliyeitumia awaeleze alivyokuwa akiitumia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na maneno ni mali.